Mkanda wa Jeshi Hauulizi Tabia

Malengelenge ya mkanda wa jeshi yakimtoka mtu ubavuni hapa mtaani kwetu Shangani, majirani hawaulizi umri wake. Wananong'ona tu: "Kaathirika huyo." Bibi wa miaka 70, mjane, aliyezoea kushuka pwani kila maji yakipwa, anaanza kujifungia ndani kwa aibu. Nasema wazi: mara nyingi tunamsingizia.

Fikra hii ya kuufunga mkanda wa jeshi na UKIMWI haikuzuka hewani. UKIMWI ulipoingia nchini, wagonjwa wa kwanza wakigundulika Kagera mwaka 1983, mkanda wa jeshi ulianza kuwatoka vijana wengi, watu ambao kwa kawaida huupata kwa nadra. Kwa kijana wa miaka 25 dalili hiyo ilikuwa sababu nzito ya kupima, na hadi leo ni hivyo. Kosa letu ni kuichukua kanuni ya vijana tukawavika wazee.

Ugonjwa huu ulikuwa wa uzeeni tangu kabla ya UKIMWI. Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, alieleza kwamba kirusi cha tetekuwanga hakimtoki mtu akipona. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na kinga ikilegea hushuka na mshipa mmoja mpaka ngozini. Ndiyo maana maumivu ya kuunguza hutangulia siku kadhaa kabla ya vipele. Ndiyo maana mstari huanzia mgongoni, ukazunguka ubavu, ukaishia katikati ya kifua bila kuvuka upande wa pili. Na wagonjwa wa Hope-Simpson waliongezeka kadiri umri ulivyopanda.

Kinga hulegeaje? Ngozi ina walinzi wake. Zipo seli zenye matawi ambazo Paul Langerhans alizieleza mwaka 1868, akiwa bado mwanafunzi Berlin; hunasa vijidudu na kupeleka habari kwenye tezi. Uzeeni hupungua. Zipo pia seli T zenye kumbukumbu ya tetekuwanga, zinazoishi humo humo ngozini. Arne Akbar na wenzake wa University College London waliwachoma vijana na wazee chembe za kirusi hicho ndani ya ngozi ya mkono. Ya vijana iliwaka wekundu ikavimba. Ya wazee ilijibu kwa unyonge. La ajabu, seli za kumbukumbu za wazee hazikuwa chache. Zilikuwepo, ila mchochota uliozidi ngozini ulizizuia kufanya kazi, na wazee walipopewa dawa ya kuutuliza kwa siku chache, ngozi ilijibu vizuri zaidi. Hapo tabia ya mtu inahusikaje?

Atasema mtu: si heri apimwe tu? Apimwe, tena bila kusita, kwani mzee naye huambukizwa VVU. Ninachokataa ni jirani kutoa majibu kabla ya maabara.

Maana aibu inayoletwa na majibu hayo inakula muda wa matibabu. Dawa ya asaiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Anayejificha wiki nzima hufika hospitali ya Ligula malengelenge yakiwa yameshaanza kukauka, na hapo maumivu ya mishipa, ambayo huwaganda wazee kuliko vijana, yanaweza kudumu miezi, hata miaka, ngozi ikiuma kwa kuguswa na nguo tu.