Hesabu Boti Kwanza
Makumbusho ya bahari ya Liverpool, Uingereza, yana mfano wa Titanic wenye urefu wa mita 6 hivi, kazi ya wajenzi wa meli yenyewe, Harland & Wolff wa Belfast. Mafundi hawakufanya mchezo: zipo sitaha, nanga, vidirisha vya duara na dohani nne, ingawa kwenye meli halisi ile ya nyuma kabisa haikuunganishwa na matanuri ya boila, ilitumika hasa kupitisha hewa. Watazamaji husifu urembo. Mimi nawashauri watazame boti za kuokolea. Meli halisi ilikuwa nazo 20, zenye nafasi ya watu 1,178. Usiku ilipozama, Aprili 1912, ilibeba watu zaidi ya 2,200. Na hakuna sheria iliyovunjwa! Kanuni za Uingereza za 1894 zilidai boti 16 tu kwa meli yoyote ya tani 10,000 na zaidi, wakati Titanic ilipita tani 46,000. Upungufu ulikuwa juu ya sitaha, mchana kweupe, na wakubwa wakaridhika kwa kuwa karatasi zilikuwa sawa. Tahadhari kabla ya hatari, ndugu msomaji: ukipanda chombo chochote, kiwe meli au pantoni, usiulize kama kina kibali tu, uliza kama maboya yanatosha watu wote.