Betri, Glasi ya Maji na Maneno ya Kijiweni

Ukiweka glasi ya maji na betri mezani hapa Tabora, iwe Isevya, Chemchem au Ng'ambo, washauri hawatakosekana. Elektrolisisi yenyewe ni jambo dogo: vijiti viwili ndani ya maji, waya, betri, mapovu. Maneno ndiyo mengi, na mengi yake yanapotoka mahali pamoja: msemaji anayakazia macho maji, anasahau vijiti na kile kilichoyeyushwa humo.

Naanza na dai linalowatoa watu pesa. Katika nchi nyingi wauzaji wa vichujio huingia majumbani na kifaa chenye vijiti vya chuma. Wanakitumbukiza kwenye maji yako ya bomba, na baada ya dakika chache glasi imejaa tope la kahawia. "Mama, ona uchafu mnaokunywa." Halafu wanarudia kwa maji yao yaliyochujwa, nayo yanabaki maangavu.

Ile kahawia ni kutu. Kijiti cha upande chanya kinaliwa na umeme, na chuma chake ndicho kinachoingia majini. Maji ya muuzaji hayabadiliki kwa sababu yameondolewa madini, hivyo umeme unapita humo kwa shida. Mwombe atie chumvi kidogo kwenye glasi yake mwenyewe, kisha arudie jaribio. Nayo itageuka kahawia. Au fanya hivi: chukua penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili, uziweke mahali pa vile vyuma. Maji yaleyale, betri ileile, na kutu haionekani tena. Chembe nyeusi zikidondoka, usishtuke, hizo ni kaboni ya penseli. Hapo sijasema maji ya bomba au ya kisima ni salama. Nasema betri haioni vijidudu vya kipindupindu, kwa hiyo isiitwe shahidi.

Wala hili si jipya. Waingereza William Nicholson na Anthony Carlisle walipopitisha umeme kwenye maji huko London mwaka 1800, wiki chache tu baada ya kusikia habari za betri ya Volta, waya mmoja wa shaba nyeupe ulitoa haidrojeni na wa pili ukaliwa. Walipoweka waya za platini, gesi ikatoka pande zote mbili.

"Maji yakiwa safi zaidi, mapovu yatakuwa mengi zaidi." Kinyume chake. Kinga maji ya mvua ujaribu: karibu hakuna kitu. Na betri moja ya tochi, yenye volti 1.5, haifiki mbali, kwani kwa vitendo zinahitajika kama volti 2. Unga mbili au tatu kwa mfululizo, au tumia ile ya mraba ya volti 9.

Dai la tatu lina sura ya busara: chumvi tunaila, kwa hiyo ndiyo salama kuliko vyote kutia humo. Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilipita Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi ambako watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi hiyo ni natiri na klorini zilizoshikana, na ukipitisha umeme kwenye maji yake unazifungua. Upande chanya utanusa harufu kama ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ni klorini, gesi ileile iliyopulizwa kwa wanajeshi huko Ypres, katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 22 Aprili 1915. Ya glasi moja ni kidogo sana, lakini mtoto aliyeinamia glasi ndani ya chumba kilichofungwa anaivuta yote. Afadhali magadi ya kulainishia maharage, kijiko cha chai kimoja, na kazi ifanyike barazani. Upande chanya utatoa oksijeni, na upande hasi haidrojeni, ambayo ujazo wake ni kama mara mbili. Gesi hizo zisifungiwe kwenye chupa wala kusogezewa kiberiti.

Wapo wanaoshauri kuchomeka kwenye umeme wa ukutani ili kuharakisha. Volti 230 kwenye maji ya magadi zinaua. Zaidi ya hapo, umeme huo hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo gesi zote mbili huchanganyika kwenye kila kijiti. Sioni la kuongeza.

Kisha bodaboda inayotembea kwa maji. Hesabu yake ifanywe kwa uniti za LUKU. Kutoa kilo moja ya haidrojeni kwenye maji hudai, kwa mitambo ya kawaida, uniti kama 50. Ukiichoma yote inarudisha chini ya 40, na injini inapoteza sehemu kubwa ya hizo kama joto. Umeme wa pikipiki nao unatokana na injini hiyohiyo, inayokunywa petroli. Atakayekuuzia mtungi wa kufunga kando ya tangi anakuuzia mzigo.

La mwisho ni dharau: "huo ni mchezo wa shuleni." Shaba inajibu. Katikati ya karne ya 19 mfanyabiashara Msiri aliondoka upande huu wa Unyamwezi akajenga utawala wake Bunkeya, kwenye shaba ya Katanga ambayo baba yake, Kalasa, aliifanyia biashara kabla yake. Wakati ule shaba iliyeyushwa kwenye tanuru za mkaa. Tangu 1929, hukohuko Katanga, mjini Likasi, inatolewa kwa umeme: madini yanayeyushwa kwenye asidi, sahani zinatumbukizwa, shaba inajishika upande hasi, na upande chanya, uliotengenezwa kwa risasi ili usiliwe, unatoa mapovu ya oksijeni.