AKIBA GANI HII ISIYO NA BETRI YAKE?

Wako watu Marekani wanaojiundia eropleni wenyewe, gerejini, jioni baada ya kazi. Si mchezo wa watoto. Kiwanda cha Van's Aircraft cha Oregon, alichokianzisha Richard VanGrunsven mwaka 1973, huuza vipande vya bati la alumini pamoja na michoro yake, na zaidi ya eropleni 11,000 za namna hiyo zimekwisha kuruka. Sheria ya huko yataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na wajenzi wasio wa kiwanda, kwa kujifunza au kujifurahisha. Mjenzi akimaliza aweza kupata cheti cha kuikagua eropleni yake mwenyewe kila mwaka.

Sisi twawapenda watu hao. Mtu aliyepiga ribiti kwa maelfu na mkono wake hawezi kuambiwa na yeyote kwamba kazi ya ufundi ni ya wengine. Lakini kwa kuwa twawapenda, leo twataka kuwakemea kidogo juu ya jambo moja, nalo ni kile kioo kidogo cha akiba.

Zamani rubani alitazama saa nyingi za mviringo, na baadhi yake zilizungushwa kwa pampu ya hewa. Siku hizi kioo kimoja kikubwa cha elektroniki chaonyesha yote: mabawa yamelala upande gani, pua imeinuka au imeinama, kimo, mwendo. Vizuri sana. Ila kioo kikizimika, yote huzimika pamoja. Ndiyo maana mjenzi hununua kioo cha pili, kidogo, kama kile Garmin G5 kilichotoka mwaka 2016, ambacho huingia katika tundu la inchi 3 na 1/8 lililokuwa la saa ya zamani.

Msomaji atauliza: je, rubani hana macho na masikio? Anayo, lakini ndani ya wingu humdanganya. Sisi tuliosomea ualimu twalijua jaribio la ndoo. Izungushe ndoo ya maji kwa mkono ulionyoshwa, maji hayamwagiki hata ndoo ikipinduka juu chini. Maji "hudhani" kwamba chini ni kwenye tako la ndoo. Mwili wa rubani aliye ndani ya wingu ni kama maji hayo. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwachukua watu 20 wasiozoea kurusha eropleni kwa kutazama saa tu, wakazuiwa wasione nje. Wote 20 walishindwa kuitawala eropleni, kwa wastani katika sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia!

Basi turudi gerejini. Kosa hutokea hivi. Mjenzi amechoka, kazi imechukua miaka, tundu lipo tayari, na waya unaolisha kioo kikubwa upo karibu. Anaunga hapo hapo. Betri ya kioo kidogo anaiacha ili aokoe fedha, ati ataiweka baadaye. Kisha anawaonyesha rafiki zake vioo viwili vinavyong'aa, na wote wanapiga makofi. Siku fyuzi ile moja itakapoungua, vioo vyote viwili vitazimika kwa sekunde moja. Tungependa mtu atueleze hiyo ni akiba ya nini. Kiwanda chasema betri ya G5 hukiwasha kioo hicho hadi saa 4. Hizo saa 4 ndizo alizozinunua mjenzi, na bila hizo amenunua pambo.

Wazee husema akiba haiozi. Wazee hawakuijua betri. Hiyo huoza, tena kimya kimya, kwa hiyo kila mwaka zima umeme mkuu, acha kioo kidogo kiwake peke yake, nawe tazama saa ya mkononi mpaka kizimike.

Umeme si yote. Vioo hivi huvuta hewa kutoka mrija wa mbele ili kujua mwendo, na kutoka tundu la ubavuni ili kujua kimo. Tarehe 1 Juni 2009 eropleni kubwa ya Air France, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilianguka baharini na watu 228 wakafa. Ilikuwa na mirija mitatu ya mwendo, lakini barafu iliiziba kwa wakati mmoja, na marubani waliochanganyikiwa wakaishindwa. Vitu vitatu vya namna moja vyaweza kufa kifo kimoja. Eropleni ya kujiundia mara nyingi ina mrija mmoja tu! Baadhi ya vioo hutumia mwendo wa hewa au setilaiti hata kurekebisha hesabu ya ulalo wa mabawa, kwa hiyo mjenzi hana budi kusoma kitabu cha kioo chake, ajue kitafanya nini mrija ukiziba. Na kama fedha zipo, kioo cha pili kitoke kiwanda kingine, maana programu moja yenye kosa moja itakosea katika vioo vyote viwili.

Wako wasemao, "Mimi nina tableti." Tableti iliyoachwa juani chini ya kioo cha eropleni hupata joto ikajizima. Wengine husema sheria haiwalazimishi kuwa na kioo cha pili. Kweli, haiwalazimishi. Wala haitakuwamo ndani ya wingu pamoja nao.

Kioo kidogo kiwekwe karibu na kikubwa, si chini gotini, kwani kugeuza kichwa gizani huleta kizunguzungu. Kifungwe sawasawa na mstari wa eropleni, na eropleni ikae sawa wakati wa kukipima. Kidude cha kuhisi kaskazini kikae mbali na bolti za chuma na nyaya nene. Mipira ya hewa ikifunguliwa, ipimwe isivuje kabla ya kuruka.

Baada ya hayo yote, siku ya anga safi, mpakie rubani mwingine pembeni atazame nje. Zima kioo kikubwa. Ruka dakika ishirini kwa kile kidogo tu: geuka kushoto, geuka kulia, panda, shuka, rudi uwanjani. Jasho likikutoka siku hiyo, rudia wiki ijayo, na wingu usiliingie bado.