Volkswagen: Chema chajiuza, lakini jina hulindwa

Keti na wanaume watatu wanaongojea nyama choma iive Jumapili alasiri na hakika hutakawia kusikia ubishi wa magari. Mmoja atasema gari la Mjapani ndilo la kununua kwa kuwa spea zake zimejaa katika kila kituo cha biashara. Wa pili atapiga meza na kusema gari ni la Mjerumani, mengine yote ni makopo. Wa tatu, ambaye pengine hana hata baiskeli, ndiye atakayepaza sauti kuliko wote.

Juma hili, mpenzi msomaji, hebu tuichambue hoja ya huyo wa pili. Sifa ya gari la Mjerumani ilitoka wapi? Je, ni mali ambayo mtu akishaipata amepata, au ni deni analolipa kila kukicha? Nimechagua kampuni moja tu, Volkswagen, kwa sababu hiyo imepanda na kushuka mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Isitoshe, jina lenyewe kwa Kijerumani maana yake ni "gari la wananchi". Anayejiita hivyo amejifunga kamba mwenyewe, maana wananchi watakuja kumdai.

Stempu za kila wiki

Adolf Hitler alipotwaa uongozi wa Ujerumani mwaka wa 1933, gari lilikuwa chombo cha wenye nacho. Naye akaahidi kwamba kila mfanyakazi angeweza kununua gari dogo la kubebea mke na watoto. Mhandisi Ferdinand Porsche akapewa kazi ya kulisanifu mwaka wa 1934, na bei ikatajwa kuwa Reichsmark 990. Mnamo Mei 1938 jiwe la msingi la kiwanda likawekwa karibu na Fallersleben, kaskazini mwa Ujerumani.

Malipo yalipangwa hivi. Kila wiki mfanyakazi alinunua stempu ya Reichsmark 5 na kuibandika katika kitabu chake. Kitabu kikijaa, gari lingekuja. Haba na haba hujaza kibaba, nao watu wapatao 336,000 wakajiunga na mpango huo. Piga hesabu na utaona kwamba kufikisha 990 kwa mwendo wa 5 kila wiki ni karibu miaka minne ya kujinyima.

Vita vikuu vikazuka Septemba 1939. Kati ya wote hao waliobandika stempu, hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa gari lake kwa mpango huo. Kiwanda kiligeuzwa kuwa cha kutengeneza magari ya jeshi na silaha. Baya zaidi ni kwamba watu wapatao 20,000 walifanyizwa kazi humo kwa nguvu katika miaka ya vita, wakiwemo mateka wa kivita na wafungwa wa kambi za mateso. Wanawake kutoka Poland na Urusi waliojifungua wakiwa katika kazi hiyo walinyang'anywa watoto wao wachanga, na mamia ya malaika hao wakafa kwa magonjwa na kutotunzwa katika nyumba ya watoto iliyokuwa chini ya kiwanda. Kampuni ilianzisha hazina ya kuwafuta machozi waliosalia mwaka wa 1998, yaani miaka 53 baada ya vita kwisha.

Na wale wa stempu je? Walikwenda mahakamani baada ya vita na kesi ikavutwa kwa miaka mingi. Mwaka wa 1961 kampuni ilikubali kuwapunguzia hadi Mark 600 wakinunua gari jipya, au kuwapa Mark 100 taslimu wasiotaka gari. Ahadi ni deni, lakini hilo lililipwa nusunusu.

Kwa hivyo, anayedhani kwamba jina la Volkswagen lilizaliwa likiwa safi hajasoma historia.

Kiwanda chafufuka

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, eneo hilo liliangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza na mji ukapewa jina la Wolfsburg. Kiwanda kilikuwa kimepigwa mabomu. Afisa mmoja Mwingereza, Meja Ivan Hirst, ndiye aliyetumwa kukisimamia. Badala ya kukiacha kife, aliona kwamba jeshi lilihitaji usafiri na watu wa hapo walihitaji kazi na chakula. Jeshi likaagiza magari 20,000. Hirst alisisitiza magari yakaguliwe vilivyo, na spea na mafundi wapatikane pale gari linapouzwa.

Mnamo Januari 1948 usukani ulishikwa na Mjerumani Heinrich Nordhoff. Huyu hakulibadilisha umbo lile la mgongo wa kobe ambalo watu wengine walilicheka. Kazi yake ilikuwa kuondoa kasoro moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, huku umbo likibaki lilelile. Usione vyaelea, vimeundwa! Kufikia Agosti 1955 gari la milioni moja lilikuwa limetoka kiwandani.

Siri ilikuwa nini? Injini yake ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, hivyo gari lilishika barabara ya matope vizuri. Tena ilipozwa kwa upepo, bila maji. Lisilo na radieta halina maji ya kuchemka katika joto wala ya kuganda katika baridi. Sehemu zake hazikuwa nyingi, na fundi wa kawaida aliweza kuzifungua na kuzifunga bila vyombo vya ajabu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki jambo hilo halikusimuliwa tu, lilionekana kwa macho. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka wa 1953, kukiwa na matope, vumbi na mawe ya kuvunja springi. Mwaka wa 1954 Vic Preston alishinda akiendesha Volkswagen. Mwaka wa 1957 Gus Hofmann akashinda kwa Volkswagen. Mwaka wa 1962 ikawa zamu ya Tommy Fjastad, naye pia kwa Volkswagen. Baada ya hapo muuzaji hakuhitaji maneno mengi. Aidha, ile Kombi iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1950 ilibeba watalii katika mbuga zetu, paa likiwa wazi na vichwa vimetokeza nje kutazama simba.

Hata katika matangazo kampuni ilijifunza ukweli. Kule Marekani, mwaka wa 1960, ilichapisha tangazo lenye picha ya gari ililoliita bovu. Kosa lake? Ukanda wa kromu kwenye kijisanduku cha mbele ulikuwa na doa, mkaguzi akalikataa. Msomaji aliyeliona aliwaza, "Ikiwa hili ndilo bovu, zima likoje?" Kampuni iliyoficha madhambi mazito wakati wa vita sasa ilikuwa ikitangaza hadharani doa dogo la kromu, na watu wakaiamini.

Tarehe 17 Februari 1972, hesabu ya magari hayo ya mgongo wa kobe ilifika 15,007,034, ikaipiku Ford Model T ambayo ilikuwa imeshikilia rekodi kwa miongo mingi. La mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003, na jumla yake ilikuwa imepita milioni 21.5. Tayari mwaka wa 1974 kampuni ilikuwa imeanza kuuza Golf, yenye injini ya maji iliyokaa mbele, na hilo nalo likawa kipenzi cha wengi.

Heshima hiyo ilifika mpaka serikalini kwetu. Mwaka wa 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwataka mawaziri wenzake waachane na magari yanayobugia mafuta na watumie yenye injini isiyozidi lita 1.8. Gari lililochaguliwa ni Volkswagen Passat. Wapo walionung'unika kwamba limewapunguzia ukubwa, lakini mwananchi wa kawaida aliliona ni la heshima bila makuu. Mnamo Desemba 2016 shughuli ya kuunganisha Volkswagen Vivo ikazinduliwa mjini Thika.

Njia ya mwongo ni fupi

Hata hivyo, kati ya miaka hiyo miwili lilikuwa limetokea jambo lililoipaka kampuni hiyo masizi usoni.

Volkswagen ilikuwa ikiwauzia Wamarekani magari ya dizeli kwa sifa kwamba hayachafui hewa. Mwenye kujali afya ya wanawe alilipa fedha zaidi kwa moyo mkunjufu. Basi kikundi kidogo cha watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia kikafunga mitambo ya kupimia moshi ndani ya magari na kuyaendesha barabarani. Passat moja ya dizeli waliipeleka kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka wa 2014, yaliwashangaza. Katika maabara moshi ulikuwa safi, ila barabarani ulipita kiwango cha sheria mara nyingi.

Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitoboa siri. Ndani ya kompyuta ya gari mlikuwa na programu iliyotambua kwamba gari linapimwa, kwa mfano magurudumu yakizunguka ilhali usukani haugeuki. Hapo gari lilijitia adabu na kusafisha moshi barabara. Likirudi njiani, liliacha. Hewa chafu aina ya oksidi za nitrojeni iliweza kufika mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa, na hiyo ndiyo hewa inayowaumiza watoto na wazee wenye pumu. Kwa maneno mengine, lilikuwa kama mtoto anayefagia uwanja mama anapochungulia dirishani tu!

Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, akajiuzulu siku tano baadaye, ingawa alikana kujua lolote. Faini, fidia na ukarabati vilipita Yuro bilioni 30. Mnamo Mei 2025 mahakama ya Braunschweig iliwatia hatiani waliokuwa wakubwa wanne wa kampuni hiyo kwa ulaghai, wawili kati yao wakahukumiwa kifungo gerezani.

Tazama sasa, msomaji, jinsi kisa hiki kinavyofanana na kile cha stempu. Mara zote mbili mwananchi alitoa fedha yake kwa kitu asichoweza kukiona. Mweka akiba hakuliona gari na mnunuzi wa dizeli hakuuona moshi. Katikati ya visa hivyo ndipo penye ile miaka ambayo sifa ilijengwa, na siri yake ni kwamba mnunuzi aliweza kujipimia mwenyewe. Matope yalikuwa matope, na gari ama lilipita ama lilikwama.

Funzo la nyumbani

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kuwa hata chema kikishajiuza, mwenyewe asilale. Jina lililojengwa kwa miaka 60 lilichafuka kwa siku moja. Na ni kweli kampuni haikufa. Watu waliendelea kununua magari yake, kwani waliotengeneza injini nzuri hawakusahau kazi yao usiku mmoja. Lakini wateja wa kesho wataomba ushahidi pale ambapo wateja wa jana waliamini neno tu.

Hivyo basi, wewe na mkeo mnaoweka akiba ya kununua gari la mtumba, msinunue jina. Nembo iliyo mbele ya gari haiendeshi gari. Nendeni na fundi mnayemwamini ninyi, si yule wa muuzaji. Alipime injini ikiwa baridi, aangalie rangi ya moshi, achungulie chini ya bodi kama kuna kutu. Ulizeni kitabu cha sevisi, na mtazame kama hesabu ya kilomita inaafikiana na jinsi kiti, usukani na pedali zilivyochakaa. Ulizeni bei ya spea kabla ya kulipa, wala si siku gari litakapokwama. Kisha liendesheni kwenye njia yenu wenyewe, yenye mashimo yenu wenyewe.

Na kwa yeyote mwenye jina jema, awe fundi wa viatu, muuza maziwa au mwalimu, kumbuka kwamba sifa yako haikai kwako. Imewekwa kwa jirani zako kama amana, nao wanaweza kukunyima siku wakigundua kwamba unafagia uwanja ukichunguliwa tu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.