Mikataba Isifanywe Gizani

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara hupita Kidatu, ambako maji ya Ruaha Mkuu yazungusha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 204. Tangu mwaka 2024 Kilosa nako lapita garimoshi liendalo kwa umeme. Watu wa sehemu hizi hawahitaji kuambiwa kwamba umeme ni kazi na chakula.

Mwaka 2006 ukame uliishika Afrika Mashariki. Uganda, Ziwa Victoria liliposhuka, ilikodi mitambo ya dizeli. Kwetu bwawa la Mtera, lihifadhilo maji ya Kidatu, lilipungua, na mgawo wa umeme ukaingia. Mwezi wa Juni ukatiwa sahihi mkataba wa Richmond wa megawati 100 za dharura. Mitambo ilichelewa, mvua zikatangulia kuja. Kamati Teule ya Bunge ilichunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu, Bw. Edward Lowassa, akajiuzulu.

Ukame ni kazi ya Mungu. Mkataba ni kazi ya wanadamu. Anunuaye gizani hachagui, na muuzaji ajua hivyo. Mikataba ya namna hii hudai malipo ya mitambo hata ikiwa imelala, na mzigo huo mwishowe humwangukia mfanyakazi katika bei ya umeme.

EWURA, iliyoanza kazi mwaka huo huo wa 2006, yapaswa kuwa mlinzi wetu. Lakini mlinzi hana faida akiamshwa baada ya mwizi kutoka. Mikataba ya akiba kwa miaka ya ukame na ishindaniwe, ipimwe na kutangazwa wakati taa zinawaka.

Wako wasemao kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limemaliza shida zote. Twalifurahia bwawa hilo. Hata hivyo twawakumbusha kwamba Mtera, Kidatu, Kihansi na bwawa hilo jipya vyote vyanywa maji ya bonde moja, la Rufiji. Bonde hilo likikauka, vyote vitaona kiu pamoja.

Basi, ndugu wanachama na wafanyakazi wa Kilosa na Mikumi, EWURA iitishapo mkutano wa taftishi juu ya bei, msiwaachie wakubwa peke yao. Nendeni mkaulize: tumenunua nini, kwa nani, na kwa bei gani? Usipoziba ufa utajenga ukuta.