Muziki wa Zaire 74: wapenzi wangoje mpaka lini?

Wazee wapenda rumba wako na haki ya kukasirika. Tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, kabla ya pigano la Muhammad Ali na George Foreman, Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini na Miriam Makeba waliimba katika uwanja wa 20 Mai, Kinshasa. Yote yalirekodiwa. Kisha mikanda ikafungiwa, wapenzi wakabaki kungoja.

Mwaka wa 2008 ilitoka filamu Soul Power, lakini humo James Brown na wenzake wa Marekani ndio waliopewa nafasi kubwa. Diski ya wanamuziki wa Afrika ilitoka mwaka wa 2017 tu, tena kwa mkono wa kampuni ya Uingereza. Miaka 43! Franco alikuwa amekufa tangu 1989, Abeti 1994, Rochereau 2013. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeishika mkononi.

Kuna wanaosema mikanda ya zamani inahitaji kusafishwa na mikataba kupatanishwa. Sawa, lakini si kwa miaka 43. Na familia ya wahami haikimbii na diski kichwani. Inabeba godoro, sufuria na, ikiwezekana, redio ndogo. Kwenye redio hiyo ndipo muziki huu ulipaswa kufika kwanza. Serikali idai nakala na kuzigawia redio za mitaa, na jamaa za wanamuziki walipwe haki zao. Kama kuna nyimbo zingine zilizobaki kwenye mikanda, zitoke sasa, wasikilizaji wa 1974 wangali hai.