Saa ya Ulaya ina karatasi, kitanda cha mhami hakina

Kuanzia miaka ya 1670, mafundi wa London walitengeneza saa za kusimama chini, ndefu kupita mtu. Sanduku lake ni la mbao, na juu yake maua na ndege wa vipande vya mbao za rangi mbalimbali, vimepachikwa kimoja kimoja. Fundi aliandika jina lake usoni mwa saa. Leo ikiuzwa, inauzwa na habari zake: nani aliitengeneza, ilikaa kwa nani. Ikiibwa, mwenyewe anatoa karatasi.

Sisi je? Hapa hapa Maniema, jeshi la Dhanis liliteka Kasongo mwezi wa 4, 1893. Daktari wao, Hinde, alieleza katika kitabu cha 1897 jinsi askari wa kawaida walivyolala kwenye magodoro ya hariri na vitanda vya kuchongwa. (Utajiri ule ulitoka mgongoni mwa watumwa, tusijifanye hatujui.) Lakini fundi aliyechonga vile vitanda ni nani? Vilienda wapi? Nani atavidai leo?

Mtasema hayo ni ya zamani. Basi mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325. Congo iliomba zaidi ya bilioni 11! Kwa mali za watu, nyumba na vyombo vyote, ilitolewa milioni 40 tu, kwa jumla, maana mahakama iliona ushahidi hautoshi kuhesabu hasara yenyewe.

Ndiyo sababu tunasema: orodha ya wahami inayouliza jina na hesabu ya watoto peke yake haitoshi. Muulizeni mama aliacha nini. Mabati mangapi, milango mingapi, mbuzi, mashini ya kushona, kitanda na fundi aliyekitengeneza.

Wengine wanatujibu kwamba vita haijaisha, sasa tuandike sufuria? Ndiyo, sasa. Leo jirani aliyeona nyumba yako yuko hapa Alunguli pamoja nawe. Kesho atakuwa Kalima au Kisangani, na ushahidi wako umeondoka naye.

Machifu wa mitaa, shirika la raia, makanisa na misikiti, msingoje mradi wa wafadhili. Andikeni kwa nakala mbili, mwenye mali na jirani wake watie sahihi au kidole. Nakala moja abaki nayo mwenyewe. Daftari moja kwa kila mtaa inatosha kuanza.